Geji Haina Kosa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gari limerudi! Fundi alikaa nalo siku tisa, na leo kanikabidhi funguo kama mtu anayemwoza binti yake kwa mwanamume asiyemwamini. Turbo sasa inasukuma hewa ndani ya injini karibu mara mbili ya zamani. Nikikanyaga mafuta, inapiga mluzi. Nimepita mbele ya nyumba ya dada yangu mara tatu ili mumewe ausikie. Mara ya tatu shemeji alitoka, akamwaga maji ya deki, akarudi ndani.

Tatizo ni geji. Fundi ameifunga juu ya dashibodi bila kuniuliza. Mviringo mweusi, mshale mwekundu, kazi yake kupima joto la moshi wa eksozi. Sensa yake imechomekwa pale pale moshi unapotoka kwenye injini, kabla haujafika kwenye turbo. Alinieleza kana kwamba niko chekechea. Moshi ukizidi joto, ujue ndani ya injini kunawaka kupita kiasi, na pistoni si chuma cha reli, huyeyuka. Mia nane na hamsini, endelea na safari. Mia tisa, punguza mguu. Mia tisa na hamsini, toa mguu kabisa na umwombe Mungu wako.

Ananiambia mimi! Mimi niliyesimamia tanuri la kiwanda cha mikate miaka kumi na saba! Kazini wananiita Mzee wa Moto. Habari za joto sihitaji kufundishwa na mtu.

Jioni nikapanda mlima wa barabara kuu kujaribu. Nusu ya mlima tu, mshale ukasoma mia tisa na thelathini. Nikatoa mguu. Lori la mchanga likanipita. Dereva wake akanipungia mkono.

Niandike na hili, ingawa sipendi. Jumamosi saa mbili asubuhi Mama anafanyiwa upasuaji wa macho. Hospitali iko ng'ambo ya mlima huo, mwendo wa saa mbili. Daktari wa macho hufika pale siku moja tu kila miezi minne. Safari iliyopita nilikuwa mimi wa kumpeleka, na gari halikuwaka, kwa sababu nilikuwa nimefunga spika sita na zikanywa betri yote. Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mpaka saa nne, akisema si neno. Lilikuwa neno. Miezi minne hii ameendelea kushona kwa kupapasa, na cherehani ndiyo kazi iliyotulea. Shati nililovaa leo kalishona mwezi uliopita. Kila kifungo kimepishana na tundu lake kwa upana wa kidole. Nalivaa kila wiki. Nikilivaa, bega moja linapanda juu na moyo unashuka chini.

Jumamosi hii nitampeleka mimi. Na tutafika mapema mpaka walinzi washangae.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda gereji kulalamika kwamba geji ni mbovu. Fundi akaichomoa, akaipima kwa kifaa chake, akairudisha. Akasema geji haina kosa. Hewa imeongezwa lakini mafuta yanayoingia hayatoshi, ndiyo maana moshi unaungua hivyo. Pampu kubwa ya mafuta inakuja Alhamisi. Mpaka hapo ananipunguzia presha ya turbo, niendeshe kama watu wengine.

Kama watu wengine! Nilimwambia nitafikiria. Akasema kufikiria si mbaya, ila nisifikirie nikiwa nimekanyaga mafuta.

Jioni dada na mumewe wakaja kumwona Mama. Shemeji ni mwalimu wa hesabu na anaendesha pikapu ya zamani, isiyo na turbo, isiyo na redio, inayonuka chaki. Haijawahi kumlaza njiani. Ukimsifu kwa hilo hasemi kitu, na huko kunyamaza ndiko kunakoniudhi. Alizunguka gari langu mikono nyuma. Akauliza mlimani geji inasoma ngapi. Nikasema mia nane na kitu. Akauliza kitu hicho ni ngapi. Nikamwambia hapa si darasani.

Kisha, mbele ya Mama, akasema taratibu kwamba Jumamosi hana kipindi, na pikapu ipo. Nikamshukuru. Nikamkumbusha kwamba Mama ana mtoto wa kiume. Dada akatazama dari. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, ameisogeza karibu kabisa na pua, na uzi ulipita pembeni kila mara. Nikataka kumsaidia. Akasema ataweza.

Nimejisikia vibaya. Nimekula mkate nikalala. Mkate ulikuwa umeungua, lakini hilo ni la kawaida nyumbani kwetu, nitaeleza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza! Sitapunguza presha. Badala yake, mke wangu atakaa pembeni asome geji kwa sauti, nami nichezeshe mguu kulingana na namba. Tumejaribu mlimani baada ya kazi. Alianza vizuri. Mia saba. Mia nane. Mia nane na arobaini. Kisha akaanza kuchanganya na mambo yake. Mia nane na sabini, kama siku ulizoniahidi utarekebisha bomba la jikoni. Mia tisa, na dada yako anataka bakuli lake. Mia tisa na ishirini, mume wangu, na mimi nashuka hapa. Akashuka kweli. Amerudi kwa miguu, viatu mkononi, na hajasema nami tangu saa kumi na moja.

Mpango wa pili: karatasi ya gundi juu ya sehemu nyekundu ya geji. Nikaibandika. Nilipokanyaga, mshale ukaingia nyuma ya karatasi na nikabaki sijui umefika wapi. Ni vibaya kuliko kuujua. Nikaibandua.

Mpango wa tatu ulinijia kazini na nashangaa haukunijia siku zote hizi.

Nieleze. Tanuri letu lina sensa pia, waya mrefu unaoingia ndani, na namba zake zinakwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja. Haziruhusiwi kupita mia mbili na arobaini. Sasa, vichomeo vya nyuma vya tanuri ni vikali tangu nimeajiriwa. Ukiacha sensa mahali pake, inasoma mia mbili na sitini, na simu inalia kutoka ofisini. Kwa hiyo mwaka wangu wa pili nilivuta sensa kuelekea mlangoni, upana wa shibiri. Mia mbili na thelathini na tano! Ofisi ikafurahi. Nilipewa cheti cha usimamizi bora wa joto, kimetundikwa sebuleni. Kweli, trei za nyuma zinaungua. Mikate hiyo tunaiita mikate ya wafanyakazi, tunagawana. Watoto wangu hawajui kwamba mkate una upande wa chini usio mweusi.

Basi nikasimama mbele ya tanuri na trei mikononi, nikacheka peke yangu. Kama joto linapimwa mahali pabaya, shida ni mahali!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya. Peke yangu, uani, asubuhi. Nimechomoa sensa kwenye mdomo wa injini. Tundu lililobaki nimeliziba kwa bolti. Waya nimeupitisha chini ya gari hadi nyuma, na sensa nimeifunga karibu na mwisho wa eksozi, pale moshi unapotokea kuaga. Bado ni moshi. Ni moshi ule ule, umepumzika kidogo njiani.

Mlimani, mguu mpaka sakafuni, mluzi mpaka mbwa wakabweka: mia nne na tano! Nilipiga kelele ndani ya gari. Lori la mchanga nimelipita kwenye kona na nikapunga mkono mimi.

Fundi akapiga simu kusema pampu imefika, mbona siji. Nikamwambia tatizo limekwisha, sasa inasoma mia nne. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia mtandao unakatikakatika. Haukuwa unakatika.

Jioni nilimwonyesha shemeji. Alipanda nami mpaka nusu ya mlima, akakodolea mshale macho kama anasahihisha mtihani. Akauliza kama mguu wangu umefika mwisho. Umefika. Akasema ajabu, juzi mia nane na kitu, leo nusu yake, na gari linakwenda kasi zaidi. Akauliza geji inapima nini. Nikajibu moshi. Huo si uongo! Hakuuliza moshi wa wapi.

Alipokuwa anashuka alisema, kama anazungumza na mlango, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia hakuna mgonjwa hapa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku njema, isipokuwa dakika kumi hivi.

Asubuhi nilikuwa napiga hesabu. Fundi alisema mwisho ni mia tisa. Mimi nipo mia nne. Maana yake nina akiba ya digrii mia tano ambazo hazinifanyii kazi yoyote! Kuna skrubu ndogo ya kuongeza presha ya turbo, fundi aliipaka rangi nyekundu ili nisiiguse. Ukipaka kitu rangi nyekundu unakionyesha. Nimeizungusha raundi moja na nusu. Mluzi umekuwa wa juu kabisa. Geji: mia nne na kumi na tano. Nani kama mimi?

Kuna harufu kidogo. Ya chuma, kama trei iliyosahauliwa tanurini. Itakuwa rangi mpya inakauka, ingawa sikumbuki rangi ipi.

Mchana Mama alifunga mkoba wake. Kanga mbili, sabuni, barua ya hospitali, na gauni la mteja ambalo hajalimalizia upindo. Nikamuuliza la nini. Akasema akiamka baada ya upasuaji na anaona, atalimalizia kitandani pale pale, mteja amesubiri sana. Hakusema limesubiri tangu lini. Najua. Tangu zile spika.

Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama tutafika. Hilo tu. Nikamshika mkono nikamwambia, Mama, safari hii hata ukitaka tuchelewe hutaweza. Akanipapasa kifua, akafika kwenye vifungo vya shati, akavipitia kimoja kimoja kwa kidole. Akasema aliniharibia shati. Nikasema linapitisha hewa vizuri.

Nilitoka nje nikasimama karibu na gari. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Kurudisha sensa mahali pake ni kazi ya nusu saa. Kurudisha skrubu ni dakika moja. Niliwaza hivyo kwa muda. Lakini nikirudisha, itasoma tena mia tisa, na Mama atakuwa ndani, na atasikia wasiwasi kwenye sauti yangu. Kwa ajili ya utulivu wa Mama niliacha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwenye benchi la ukumbi wa hospitali. Mikono inanuka oili.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Mama mbele, mke wangu nyuma na chupa ya chai. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Mama akasema gari linakwenda laini. Nilitaka hilo liandikwe mahali, ndiyo maana naliandika.

Mlima ulianza. Nikakanyaga. Tulipita lori moja, tukapita la pili. Geji mia nne na kumi, imetulia tuli. Harufu ikaja. Mke wangu akafungua dirisha, akasema kuna kitu kinaungua. Nikamwonyesha geji. Akasema pua yake haisomi geji. Nikamwambia hiyo ndiyo tofauti ya sayansi na mazoea.

Kwenye kona ya tatu mluzi ulikatika. Kukaja mlio, kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo kutoka ndani. Nguvu zikaisha. Moshi wa buluu ukajaa kioo cha nyuma mpaka barabara ikapotea. Nikalitelezesha gari pembeni, likasimama, na halikusema tena. Nilipofungua boneti, bomba la pale injini inapotolea moshi lilikuwa jekundu. Jekundu kweli, hata kukiwa kumekucha, kama kichomeo cha tanuri. Bolti niliyozibia tundu ilikuwa inang'aa katikati yake.

Kabla sijazima swichi niliitazama geji. Mia nne na tano. Injini yangu imekufa ikiwa na afya njema.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hakuna gari la kusimama kwenye kona ile. Mama alibaki kiti cha mbele, mkoba mapajani, vile vile kama miezi minne iliyopita. Akasema si neno. Nilienda nyuma ya gari nikainama kana kwamba naangalia tairi, na nikalia. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Ningepewa nusu saa ile ya jana uani, ile ya bisibisi, ningetoa chochote nilicho nacho.

Hazikupita dakika tano, pikapu ikaja inapanda taratibu, inanuka chaki. Shemeji. Alishuka, akasalimia kama tumekutana sokoni, akamfungulia Mama mlango. Hakuliangalia gari langu hata mara moja. Nikamuuliza amefikaje. Akasema alikuwa anapita. Kwenye mlima, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi!

Mama ndiye aliyeniambia, ndani ya pikapu, tukiwa tumebanana wanne kwenye viti vya watatu. Alimwomba shemeji jana. Alimwomba atufuate nyuma, mbali kidogo, nisimwone. Alisema hakutaka nijisikie vibaya. Kama tungefika salama, shemeji angegeuza pale getini akarudi nyumbani na nisingejua maisha yangu yote.

Aliniambia huku ameshika mkono wangu. Ni bora angenipiga.

Tulifika saa mbili na robo. Orodha ilikuwa imeshasomwa. Muuguzi akasema jina la Mama limepitwa, arudi Julai. Nilifungua mdomo nieleze habari ya turbo, shemeji akanikanyaga mguu. Akaongea yeye, kwa sauti ya darasani, polepole, mpaka muuguzi akaenda kuuliza. Wamemweka wa mwisho. Ikiwa muda utatosha, watamfanyia. Ikiwa hautatosha, hautatosha.

Sasa ni saa nane. Wamebaki wawili mbele yake. Shemeji ananunua maji. Mke wangu amenimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Najuta. Naandika neno hilo tena ili nilione: najuta.

Saa kumi kasorobo. Wamemwita.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wamemfungua bandeji saa tatu asubuhi. Jicho la kulia tu, la kushoto litafuata Julai. Muuguzi akamwambia alifumbue pole pole. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kwa sababu niliwasukuma wengine.

Alinitazama muda mrefu. Akatazama chini kwenye shati. Akasema, Mungu wangu, na umelivaa hivi mbele za watu! Akacheka mpaka muuguzi akamkataza kucheka. Kisha akaanza kulia, akakatazwa na hilo pia. Akaniamuru nivue. Nimerudi nyumbani kwenye pikapu na fulana, na shati langu limebaki kwake na sindano imeshapita kwenye kifungo cha kwanza. Uzi uliingia mara moja tu. Nilihesabu.

Jioni gereji. Fundi alikwenda kulivuta gari mwenyewe. Amefungua injini. Alinipa pistoni mkononi bila maelezo. Ina tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Kidole changu cha shahada kilipita mpaka upande wa pili. Turbo nayo imekatika mapanga yake ya kusukumia hewa. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kuyapokea. Hakutukana. Aliinama nyuma ya gari, akaiona sensa yangu kwenye mwisho wa eksozi. Akauliza tu, kwa upole, ni nani aliyenifundisha. Nikasema nilijifundisha. Akasema inaonekana.

Nimemwomba Mama msamaha. Nimemwomba mke wangu. Kwa shemeji nilifika hadi mlangoni, nikamrudishia dada bakuli lake.

Naapa mbele ya shajara hii. Sitasogeza kipimo chochote tena maishani mwangu. Joto litapimwa palipo na joto.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mtu mpya! Nimeanzia kazini. Nimerudisha sensa ya tanuri mahali pake halisi, kwenye vichomeo vya nyuma. Mia mbili na sitini na tatu. Simu ya ofisi ikalia kabla sijanawa mikono. Nikamweleza meneja ukweli wote, kwamba vichomeo ni vibovu miaka kumi na saba. Meneja akauliza kama cheti ninacho bado. Nikasema ninacho. Akasema nikirudishe.

Nilipunguza moto. Leo mikate yote imetoka myeupe mbele na mizuri nyuma. Watoto wamekula mkate mzuri kwa mara ya kwanza. Mdogo akauliza kama umeharibika.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mikate myeupe haikununuliwa, nikarudisha moto, na ofisi imepiga simu mara tisa. Nimevuta sensa kuelekea mlangoni. Vidole viwili tu! Si shibiri. Kati ya vidole viwili na shibiri kuna tofauti kubwa ya tabia.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Gari limerudi. Pistoni mpya, turbo mpya, pampu kubwa ya mafuta, presha ya wastani. Fundi amefanya na jambo moja la kunivunjia heshima: sensa ameichomelea. Kwa moto wa gesi. Hapo hapo mdomoni mwa injini, haitoki bila msumeno. Waya ameupitisha ndani ya bomba la chuma. Skrubu ya presha ameikata kichwa.

Sawa. Sina kinyongo. Nimetafakari sana wiki hizi na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilikwenda mbali mno. Kutoka kwenye injini hadi mwisho wa eksozi ni mita tatu! Mtu mwenye busara angesogeza sentimita thelathini. Lakini yameshapita, ya kale hayanuki.

Leo mlimani geji imesoma mia nane na themanini. Fundi anasema kwa kupanda na mzigo hiyo ni sawa, nisizidi hapo. Sawa kwake yeye asiyeketi mbele yake. Mshale ule unanitisha. Na mtu mwenye hofu huendesha vibaya, kila mtu anajua. Kwa hiyo, kwa ajili ya usalama tu, nimemwomba Mama anishonee kifuniko cha kitambaa cha geji. Cha kuzuia vumbi. Chenye kidirisha kidogo cha kuonyesha namba kuanzia sifuri hadi mia nane, kwa sababu vumbi hupenda kuingia kwenye zile za juu.

Mama alifurahi! Ni kazi yake ya kwanza kwangu tangu apone. Alipima mviringo kwa futi yake, akainua uso akanitazama kwa lile jicho jipya, akarudi kupima. Alikaa nacho mchana mzima dirishani. Kitambaa cheusi, upindo wa nyuzi nyekundu, mishono midogo kama chembe za sukari, yote imenyooka. Sijawahi kuona kazi safi kama hiyo mikononi mwake, hata zamani. Nilijisikia vibaya kidogo kukipokea. Halafu nikakivalisha. Kimekaa sawasawa, kama geji imezaliwa nacho.

Jumamosi ana kliniki ya marejeo ng'ambo ya mlima, muuguzi atalitazama jicho dakika kumi tu. Nimemwambia nitampeleka mimi. Nimemwambia shemeji safari hii asijisumbue kufuata, si mbali wala karibu. Hakubisha. Alimtazama Mama tu.

Mama akasema sawa, mwanangu, nenda nami wewe. Kisha akainuka, akaweka ndani ya mkoba kanga mbili, sabuni, barua ya hospitali, na kitambaa cha gauni lingine ambalo hajaanza hata kulikata.